Kisanduku cha Sababu

Fianarantsoa,
Jumapili, baada ya ibada

Mpendwa Kaka Tovo,

Pokea salamu za nyumba nzima, kuanzia Mama hadi yule fahali wako mwenye pembe iliyovunjika, ambaye Baba amekataa kumuuza miaka yote hii ati nyama yake itakuwa ngumu. Sote tunajua nyama siyo sababu. Miili yetu ni mizima. Mama anakohoa asubuhi kwa baridi ya huku, lakini akishakunywa maji ya ukoko anapata sauti ya kutugombeza, basi tunajua amepona. Nawe u hali gani huko Sambava? Kifua chako je, na mvua hiyo isiyojua kupumzika? Maua ya vanila mmekwisha kuyachavusha? Kila nikikuandikia huwa nakutania kwamba utaishia kuoa mche wa vanila. Leo sikutanii, na ukifika chini utajua kwa nini.

Utashangaa kupokea bahasha nene kiasi hiki katika zama hizi za simu. Lakini simu yangu haina salio la maneno mengi hivi, na mimi nikianza kulia kwenye simu siwezi kumaliza sentensi, unanijua. Barua hii anakuletea Mialy, binti wa mchungaji, anayekuja huko kufundisha. Nimeifunga kwa gundi na kwa uzi, maana Mialy ni mtu mwema lakini macho yake yana miguu.

Niruhusu nianze mbali kidogo ili tusipotezane njiani. Mwaka huu mwalimu wetu wa historia chuoni, Bibi Vololona, alitukataza kuandika insha. Alisema insha zetu zinaishia kabatini, zinasomwa na mchwa tu, na mchwa hawatoi maoni. Badala yake kila mmoja wetu aandike ukurasa kuhusu kijiji cha kwao katika kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma na mtu yeyote anaweza kuiandika, na tuiandike kwa lugha yetu wenyewe. "Wanangu," alituambia, "kijiji kisichoandikwa popote, mgeni anasema hakipo. Nendeni mkakifanye kiwepo." Ukumbi mzima ulipiga makofi, na mimi nilipiga kuliko wote.

Masharti yalikuwa mengi. Usisifu. Usiandike ya kichwani mwako. Kila unalosema liwe na ushahidi ambao mtu mwingine anaweza kuuona kwa macho yake. Solofo, yule mwenzetu wa Ambositra, aliandika kwamba babu yake alikuwa mwerevu kuliko wazee wote wa nchi ya Betsileo. Kabla hajamaliza kujipongeza, sentensi yake ilikuwa imefutwa na mtu asiyemjua, na tukamcheka wiki nzima tukimuuliza hali ya mwerevu. Picha nazo zilikuwa na alama zake. Mwalimu alisema picha safi ya jambo la kweli ni ushahidi unaosimama kwa miguu yake.

Ndipo nilipokupigia simu kukuomba habari za kwetu Ambalasoa. Bila shaka unakumbuka. Uliniambia niandike habari za mpunga, jinsi matuta yanavyoshuka hadi mtoni, niandike habari za shule na kanisa. Kisha ukasema, "Makaburi yaache yalale, mdogo wangu." Nilimwambia dada yetu Hanta kwamba umezeeka kabla ya wakati, umekuwa mvivu hata wa kukumbuka. Tulicheka, kaka. Mungu anisamehe, tulikucheka.

Sasa nije kwa Hanta. Unajua kwamba kwa miaka miwili amekuwa na Njaka, yule mwalimu wa hesabu anayefundisha hapa mjini, mwenye masikio makubwa na moyo mzuri. Njaka ni wa upande wa pili wa mlima, na wewe unawajua watu wa upande ule. Msichana wanamtazama kwa jicho moja. Jicho la pili liko kwenye kaburi la kwao. Kabla ya kutaja mahari wanauliza: wale wanazikwa wapi, tangu lini, na nani yumo ndani? Watu safi wana kaburi la mababu wa mababu. Asiye nalo, hata akiwa daktari, wanamwita si safi, na neno lililofichwa chini ya neno hilo hakuna anayelitamka.

Wajomba zake Njaka walikuja kijijini kuuliza, kama ilivyo ada. Walikaa na wazee wetu, wakala wali na nyama ya nguruwe kwa kisamvu, wakauliza taratibu. Wazee wakajibu kwa kauli moja: "Wale ni watu wa hapa. Tunalima nao, tunazika nao. Ongezeni mboga." Wajomba wakaridhika. Siku ya mahari ikapangwa iwe baada ya mavuno. Hanta akanunua kitambaa cheupe chenye maua madogo ya kudarizi, akaanza kushona gauni lake mwenyewe, kwa kuwa anasema mafundi wa mjini wanaiba vitambaa. Kila jioni aliimba akishona, na unajua sauti yake ilivyo. Majirani walimwombea aolewe haraka wapate usingizi.

Mimi nilikwenda kijijini kupiga picha zangu. Baba alikuwa amekwenda mnadani Ambalavao kuangalia bei za ng'ombe. Nilipiga picha kanisa, shule na matuta ya mpunga, kisha nikateremka bondeni kwenye kaburi letu. Mama alikuwa pamoja nami. Unakumbuka Mama alivyotufundisha tusinyooshe kidole kwenye kaburi, bali tukikunje, maana kidole kilichonyooka mbele ya wafu kinaoza? Nilikunja kidole changu kwa adabu kumwonyesha mahali ninapotaka kusimama. Kisha nikainua simu na kuielekeza moja kwa moja, tena kwa mikono miwili.

Lile jiwe la mbele lilikuwa limefunikwa na kuvumwani. Baba kila mwaka hupaka kaburi lote chokaa, lakini jiwe lile huliruka. Siku zote nilidhani ni kwa sababu ya mgongo wake, kwamba hawezi kuinama. Basi nikateka maji mferejini, nikachukua brashi ya Mama ya kufulia, nikalisugua mpaka herufi zikatoka zote: Rafara na wanawe, 1899. Nilifurahi kama mtu aliyeokota kitu cha thamani njiani. Nilipogeuka nilimwona Mama amefungua mdomo. Akaufunga. Akasema tu, "Jua kali, mwanangu, turudi nyumbani."

Nikaweka picha ile kwenye ukurasa, na chini yake nikaandika: Kaburi la ukoo wa Rafara, Ambalasoa, lililojengwa mwaka 1899. Basi, hayo tu. Sikusifu, sikuongeza, sikutoa kichwani. Pale mtandaoni nilibonyeza kukubali kwamba picha ile sasa ni ya watu wote, waitumie wapendavyo, milele. Bibi Vololona aliionyesha ukutani mbele ya darasa zima, akasema hivi ndivyo ushahidi unavyotakiwa kuwa. Alinipa alama za juu kuliko wote. Solofo alinuna mpaka masikio.

Aliyefurahi zaidi yangu alikuwa Njaka. Jumapili ile alikwenda kwao na simu yake, akawaita wote waje kuona jinsi shemeji yake mtarajiwa alivyokiandika kijiji cha wakwe. Haya aliyasimulia mwenyewe kwa Hanta baadaye, kwa hiyo nakupa kama nilivyopewa. Simu ikapita mkono kwa mkono. Shangazi wakasifu matuta, wakasifu kanisa. Ilipofika kwa mjomba wake mkubwa, mzee Ralay, aliikuza picha ya kaburi kwa vidole viwili, akaitazama kwa muda. Kisha akamwuliza binti mmoja mwenye sare za shule ni mwaka gani Wafaransa walipofuta utumwa katika nchi hii. Binti akajibu upesi, kwa sauti ya darasani, kwamba ni mwaka 1896. Mzee akamrudishia Njaka simu yake, akasema chakula kinapoa.

Baada ya siku chache ukaja ujumbe kwamba siku ya mahari imesogezwa. Ukaja mwingine kwamba wazee wametazama na hawaoni siku njema mwaka huu. Baba aliposikia maneno hayo alikaa chini pale pale uani, juu ya kinu. Mimi sikuelewa. Mimi msomi, mwenye kujua ushahidi na rejeo na nukta zake, nilikuwa nauliza kwa sauti kubwa kama wamepata mchumba mwingine mwenye mashamba.

Baba akaniomba simu yangu. Akanitaka nimfungulie ukurasa. Alisoma polepole, midomo ikicheza, mpaka akafika kwenye picha. Akaniuliza nani amenituma kuandika vile. Nikamjibu, tena kwa fahari, mjinga mimi, kwamba hakuna aliyenituma, imeandikwa kwenye jiwe, jiwe ndilo ushahidi wenyewe. Alinirudishia simu kwa mikono miwili, kama mtu anayemrudishia mgeni kitu chake, akasema, "Futa." Nilipouliza kwa nini, alisema, "Futa, Voahirana. Sitasema mara ya tatu."

Nikafuta. Kesho yake picha ilikuwa imerudi. Sikujua kwamba kamusi ile ina walinzi, watu wa kujitolea wanaopita kila siku kuangalia nani amegusa nini. Mmoja wao anajiita Kintana. Sijui ni mwanamke au mwanamume, wala anaishi wapi. Aliniandikia kwa upole kwamba nimeondoa habari yenye ushahidi bila kueleza. Kila unapobadilisha jambo, kaka, chini ya ukurasa kuna kisanduku kidogo kinachouliza sababu ya badiliko. Mimi nilikuwa nimekiacha kitupu. Nikafuta tena, nikakikodolea macho kisanduku kile, nikakiacha kitupu tena. Ningeandika nini, na nilikuwa sijui? Akairudisha tena. Halafu nikagundua jambo baya zaidi: kuna ukurasa wa nyuma unaotunza kila kilichowahi kuandikwa, kila kilichofutwa, na jina la aliyefuta. Mzee Ralay angeweza kuhesabu mara ngapi tumejaribu kuficha.

Njaka alikuja kuonana na Hanta nyuma ya kanisa. Alilia, kaka, namtetea kwa hilo, alilia mpaka shati likalowa. Alimwambia anampenda na hajali, ila mjomba wake amesema mbele ya wote kwamba akimwoa, siku atakayokufa miguu yake haitaingia katika kaburi la kwao. Hanta akamwuliza, "Na wewe umesemaje?" Njaka alikuwa anatazama viatu vyake. Hanta akasubiri, maana anajua kusubiri, halafu akamwambia, "Kumbe mwenzangu ulikuwa umeshaoa. Umeoa kaburi. Haya, nenda nyumbani, mkeo asikungoje." Akamwacha pale.

Alirudi nyumbani hakulia. Alichukua lile gauni, akaketi mlangoni penye mwanga, akaanza kulifumua uzi mmoja mmoja. Nilimsihi aliache, akasema kitambaa ni kizuri, Mama atapata pazia. Alifumua mpaka maua ya kudarizi. Nilikaa kando yake nikiokota nyuzi. Tangu siku hiyo hakuimba tena, hata majirani walikuja kuuliza kama yu mzima.

Mama ndiye aliyenieleza. Tulikuwa jikoni mchana, tunachambua mchele, akaanza kuzungumza bila kuinua macho kutoka kwenye ungo. Siri ya mtungi, kaka, aijuaye ni kata, na Mama ndiye kata aliyekuwa ndani ya mtungi huu tangu siku alipoolewa.

Hakuna kaburi letu la zamani ng'ambo ya mto. Ile hadithi ya Baba kwamba lilifukiwa na maporomoko ya ardhi, na mababu zetu wakalazimika kujenga jipya, ni hadithi tu. Rafara alinunuliwa akiwa mtoto, hajang'oa meno ya utotoni. Aliletwa Ambalasoa kuwalimia wenye kijiji bonde lile lile tunalolima sisi. Alizaa, na wanawe waliokufa walizikwa kwenye tope kando ya mto, bila jiwe, maana mtumwa hakuwa na kaburi. Asiye na kaburi si mtu, yeye ni kitu kilichoachwa njiani. Wafaransa walipotangaza uhuru, wenzake wengi walikwenda zao. Rafara alikataa kuondoka, akasema hawezi kuwaacha watoto wake topeni. Yeye na wanawe waliobaki walibeba mawe kutoka mlimani kwa mabega yao, msimu kwa msimu, mpaka wakasimamisha kaburi. Wakawafukua wale watoto, wakawavika sanda za hariri, wakawaingiza ndani.

Kisha Rafara akaagiza mwaka uchongwe. Mama alisema fundi alimshauri asiuandike, kwa faida ya wajukuu. Akajibu kwamba wajukuu ndio anaotaka waujue mwaka walipoanza kuhesabiwa watu. Aliuandika kwa fahari, kaka. Sisi ndio tuliouacha ufunikwe na kuvumwani.

Na kijiji kizima kinajua. Hilo ndilo linaloniamsha usingizini. Wenye kijiji wanajua, majirani wanajua, wale wazee walioongeza mboga wanajua. Zaidi ya miaka mia moja hakuna aliyefungua mdomo mbele ya mgeni, hata tulipogombana nao kwa ajili ya maji ya mfereji. Walitutunzia. Mimi, mtoto wa kaburi lenyewe, ndiye niliyechukua brashi na maji.

Mama akapepeta, halafu akataja jina la Voangy, mchumba wako wa zamani. Nilidhani sikusikia vizuri. Kwa miaka hii yote mimi nimekuwa nikiamini kwamba ulimwacha Voangy ukakimbilia Sambava kutafuta fedha, ukatusahau. Mama akasema baba yake Voangy alikuja uani kwetu, akasimama, hakukubali kiti, akasema binti yake hawezi kwenda kulala na watu wa bondeni. Ulimsikia kwa masikio yako. Siku ile ile ulimwapia Baba kwamba mimi na Hanta hatutajua mpaka tuwe tumekwisha kuolewa, na kwamba wewe utakwenda mbali, ili yeyote akiuliza kwa nini mtoto mkubwa wa nyumba ile hajaoa, asiwepo wa kuulizwa.

Nisamehe, kaka. Kwenye msiba wa Babu, ulipokosa kuja, mimi ndiye niliyesema mbele ya shangazi wote kwamba Tovo ameuza ndugu zake kwa ganda la vanila. Walicheka, nami nikaona nimesema jambo la akili. Kila barua nilikuuliza utaoa lini. Kila barua ulinijibu kwa mzaha, ukanitumia na kalamu. Sijui ulikuwa unazisoma kwa uso gani. Natamani ungenitukana hata mara moja.

Sasa nikuambie habari ya Baba, na usimhukumu, kwa kuwa mimi nimejaribu nikashindwa. Wiki iliyofuata alichukua mfuko wa saruji na mwiko, akateremka bondeni peke yake. Unajua kwetu kaburi haliguswi bila kuwaita mababu kwa majina, bila ndugu wote, bila kumwaga hata tone la pombe. Yeye alikwenda kama mwizi wa kuku. Niliporudi kutoka chuoni mwisho wa wiki nilimkuta anaosha mikono mferejini, saruji imemkauka kwenye kucha. Nikashuka kuangalia. Jiwe la Rafara limepigwa lipu, laini, limenyooka. Huwezi kujua kama palikuwa na herufi. Alimwambia Mama, "Sasa waje wakatazame." Tangu hapo hasemi nami. Nikimwamkia, anamjibu fahali wako.

Niliona hata hivyo nimtafutie amani. Nikamwandikia Kintana kwenye ukurasa wa majadiliano kwamba picha ile inawaumiza watu walio hai, na siwezi kueleza zaidi. Akanijibu kwamba hiyo ni sababu ya kutosha, na picha ikatolewa. Nilimwambia Baba kupitia kwa Mama. Aliitikia kwa kichwa, akala chakula chake chote kwa mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze.

Laiti barua ingeishia hapa.

Ijumaa iliyopita, kaka, nimeirudisha mimi mwenyewe. Hakuna mlinzi wala mgeni aliyenisukuma. Nililala siku nyingi nikifikiri kwamba jiwe limezibwa na picha imetolewa, na sasa hakuna mahali popote pa wazi chini ya jua ambapo jina la Rafara linasomeka. Alibeba mawe kwa mabega yake ili aandikwe mara moja tu. Wenye kumiliki watu hawakumwandika. Sisi wa damu yake tulimwandika kwa ajali, kisha tukamfuta kwa makusudi.

Lakini sikufanya kwa siri ya Hanta, maana yeye ndiye aliyelipa. Nilimwomba aje nami chumba cha kompyuta, nikamweleza ninachotaka, nikamwambia akikataa sitaligusa tena maisha yangu yote. Akasema, "Irudishe. Ila safari hii usiandike nusu. Nusu ndiyo iliyoniua." Basi chini ya picha sasa pameandikwa: Kaburi la ukoo wa Rafara, Ambalasoa, lililojengwa mwaka 1899 na Rafara na wanawe, waliokuwa watumwa wa kijiji hiki, kwa mawe waliyoyabeba wenyewe kutoka mlimani. Najua sentensi ile haina kitabu nyuma yake, na huenda Kintana akaikata kesho kwa kukosa ushahidi. Atakuwa na haki yake. Jina na mwaka vitabaki.

Tulipofika kwenye kisanduku cha sababu, Hanta akanisogeza, akakaa yeye. Hajui kuandika kwa kompyuta, anatafuta herufi moja moja. Nikaona anabonyeza kwa kidole kilichokunjwa, kwa kifundo, jinsi Mama alivyotufundisha tuonyeshe kaburi. Aliandika: Sisi ni wajukuu zake. Akabonyeza. Hapo ndipo alipolia, kaka, kwa mara ya kwanza, na kwa sauti ile ile aliyokuwa akiimbia, mpaka msimamizi wa chumba akaja kutuuliza kama tumefiwa. Nikamwambia ndiyo.

Baba hajajua. Atajua, jambo kama hili lina mbawa. Nakuandikia wewe kwanza kwa kuwa ndiwe mwana wa kiume pekee, na siku Baba akinyamaza, ni wewe utakayesimama mbele ya kaburi lile kuwaita waliomo kwa majina. Umebeba mzigo huu peke yako kwa ajili yetu, nami nimeumwaga njiani bila kukuuliza. Ukiona nimekosea, niambie. Ukitaka kufuta, nitakuonyesha pa kubonyeza, wala sitakuzuia. Lakini kisanduku cha sababu, kaka, utakijaza mwenyewe.

Hanta anakusalimu sana. Pazia limekamilika, limetundikwa kwenye dirisha la chumba chako, na asubuhi jua likipita yale matundu ya sindano yanaonekana ukutani. Mama anakusalimu, anasema usilale na nguo mbichi. Anasema pia nikukumbushe ule usemi wetu, kwamba tulio hai nyumba ni moja, na tukifa kaburi ni moja; na kwamba nafasi yako kaburini ipo, hakuna wa kukunyima, ila yeye anaomba uje wakati bado unaihitaji ile ya nyumbani.

Mimi ni mdogo wako, wa Rafara kama wewe,

Voahirana